Kwa Nini Video Ilikwama kwa Mama Mdogo

Tarehe 2 Machi

Mwanangu atasimama ukumbini mbele ya watu mia tatu, mdogo wangu, na ataonyeshwa mtandaoni moja kwa moja, dunia nzima imwone!

Haya, sasa salamu. Hujambo? Wapangaji wako hawajambo? Sisi huku wazima. Shemeji yako mgongo umetulia tangu nimkataze kuhamisha kabati peke yake kama kijana. Mimi macho ndiyo yananisumbua kidogo nikitunga uzi, lakini mkono uko vilevile. Nikikata, hakuna anayekata kama mimi mtaa huu.

Turudi kwa mtoto. Unajua yuko kampuni ya intaneti, pale wanapopokea simu za wateja. Kila anayepiga analia kilio kimoja, kwamba video zinakwama. Basi wakubwa wa pale wakapanga mkutano, wateja waje waelezwe kwa nini. Wakakaa na tai zao wakaulizana, nani atawaeleza watu wakaelewa? Wahandisi wakijaribu, watu wanasinzia. Wakamtaja yeye. Miaka ishirini na mitatu, mdogo wangu! Nimeshamwambia fundi viatu wa mlango wa pili na muuza vitambaa. Daktari wa meno nilimwambia vyuma vyake vikiwa bado kinywani mwangu. Sijui alisikia nini, ila alitikisa kichwa kwa heshima.

Siku ni tarehe 20 Aprili, saa nane mchana. Usipange jambo lingine.

Pamoja na barua hii nimekutumia zawadi. Ulisema kwenye simu kwamba kile kisanduku chako cha intaneti kinajaa vumbi hapo juu ya kabati, ukanipa vipimo vyake ukicheka. Mimi sikucheka, niliandika. Nimekishonea koti. Nje kitambaa cha maua. Ndani nimetia bitana ile inayong'aa kama fedha ninayoitumia kwenye mifuko ya kubebea chakula kisipoe, maana sikutaka kukupa kitu cha ovyo. Yale masikio yake mawili yaliyosimama nayo nimeyashonea mifuko, kama kofia ya mtoto mchanga. Waya utapita nyuma.

Tungeweza kuongea haya kwenye simu, najua. Lakini kwenye simu sisi wawili huwa tunaishia kwenye "haya, wasalimie."

Dada yako


Tarehe 17 Machi

Shikamoo dada,

Mimi mzima. Nyumba imejaa, vyumba vyote vinane vina watu, na nesi wa chumba cha tatu amejifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta. Dereva wa chumba cha saba bado anaimba bafuni. Nilimwambia abadilishe walau wimbo, akasema sauti yake inaujua huo tu.

Koti limefika. Limekaa kana kwamba kisanduku kilizaliwa nalo. Wapangaji wamekuja mmoja mmoja kulitazama. Nesi akauliza, "Masikio nayo yanasikia baridi?" Nikamjibu, dada yangu hafanyi kazi nusu nusu.

Hongera kwa habari za mtoto. Nitaangalia. Ningependa nimwone akiwa amesimama, maana picha zote unazonitumia huwa amekaa. Nilikaa naye tangu ana miaka minne mpaka kumi na mmoja, nikawa nampima kwa kalamu ya risasi kwenye mlango wa jikoni. Alama ya mwisho inanifika begani. Sasa miaka kumi na miwili imepita na sijui kimo chake. Ana kimo gani?

Bado anauliza kwa nini kwa kila kitu? Mimi bado namwita Kwanini, hata kwenye simu. Huwa anaitika.

Msalimie shemeji, mwambie aache kabati.

Mdogo wako


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na hongera kwa nesi. Huku mvua imenyesha siku tatu na sare za shule zimegoma kukauka, kwa hiyo chumba changu cha kushonea kinanuka kama soksi. Shemeji yako anasema kabati amelisogeza kwa goti tu. Eti goti si mgongo.

Ni mrefu kuliko mimi. Hivyo tu ndivyo nitakavyosema. Utamwona mwenyewe.

Sasa sikiliza. Anafanya mazoezi ya hotuba yake kwenye chumba changu cha kushonea, mimi ndiye wateja mia tatu. Jumapili alisimama kwenye meza yangu ya kukatia akaniambia, "Mama, chukua mkasi." Nikachukua. "Hilo gauni unalipeleka kwa mteja zima?" Nikamwambia hapana, nalikata kwanza, mkono huku, kola kule. Akasema ndivyo video inavyokuja. Haiji nzima. Inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja sekunde chache tu, vinatumwa kwa kufuatana, na simu yako ndiyo inayoviunga wewe ukiwa unaangalia. Na simu haina ujinga, mdogo wangu. Inajiwekea vipande kadhaa vya mbele kama akiba. Vingine vikichelewa njiani, inaendelea kushona akiba ile, inashona, inashona, mpaka inaisha. Hapo ndipo unakiona kile kiduara kinazunguka. Kumbe ni fundi aliyekaa kwenye cherehani mikono mitupu, anasubiri kitambaa!

Nilipiga makofi peke yangu kama watu mia tatu.

Nikamuuliza, na picha ikiingia ukungu, nyuso zikawa kama uji? Akasema hapo simu imeona mzigo unachelewa, ikaomba vipande vyepesi zaidi, visivyo na urembo mwingi, ili shughuli isisimame. Bora gauni lisilo na lesi kuliko kukosa gauni.

Akaja kwenye sababu. Ya kwanza ni umbali. Video nyingine inatunzwa kwenye mashine iliyo nchi ya mbali, kwa hiyo kampuni hujaribu kuweka nakala karibu na watu, kama mimi ninavyoweka vifungo vyeupe dukani, sivifuati sokoni kila mteja akija. Ya pili ni msongamano. Jioni kila mtu amerudi nyumbani, wote mnapita kwenye waya mmoja, mnasukumana. Kuna na ya tatu, mambo ya ndani ya nyumba, sijui kuta sijui nini, lakini hapo mama wa sare alikuja kuchukua vipimo nikatoka. Nadhani hata si muhimu sana.

Angalia mpaka mwisho. Nakuomba. Kuna neno mwishoni. Mimi sikumfundisha, amelitunga mwenyewe, na nilipolisikia mara ya kwanza nilikwenda kuangalia sufuria jikoni ingawa hapakuwa na kitu motoni.

Dada yako


Tarehe 23 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimeangalia. Alipendeza sana. Gauni la bluu limemkaa vizuri, najua ni mkono wako. Alisalimia kwa utulivu, akatabasamu, akaweka karatasi zake mezani kwa mpangilio. Nimefurahi sana. Mwambie hongera.

Mtoto wa nesi anakua. Nina haraka kidogo, fundi bomba anakuja.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo. Shemeji yako hajambo.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Shemeji yako amenikuta nayo mkononi mara nyingi akasema, "Ama umjibu ama uipeleke kwa daktari." Basi najibu.

Umesema alisalimia. Ni kweli, alisalimia. Umesema aliweka karatasi mezani. Aliweka. Hayo ni mambo ya dakika ya kwanza, mdogo wangu. Mwanangu alizungumza dakika arobaini. Watu walicheka mara sita, nilihesabu. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama akasema leo ameelewa, hatampigia tena mjukuu wake kelele. Na mwishoni akasema lile neno, mbele ya wakubwa wake, mbele yangu nikiwa nimekaa mstari wa kwanza na kilemba kipya. Lilikuwa linakuhusu wewe. Nilitarajia ungenipigia siku ileile. Nilikaa na simu kwenye mfuko wa aproni mpaka siku ya nne.

Mtoto aliniuliza, "Mama mdogo kasemaje?" Nikamwambia umelia kwa furaha. Nimemdanganya mwanangu kwa ajili yako, na mimi si mwongo. Najisifu, hilo najua, lakini nasifia vitu vilivyopo.

Kama hukutaka kuangalia, sema. Kama bado una jambo na mimi kuhusu siku ile niliyokuja kumchukua, sema pia. Sitakuuliza tena.

Dada yako


Tarehe 19 Juni

Dada yangu,

Leo naruka salamu, utanisamehe. Nimeiandika barua hii mara tatu, hii ya nne ndiyo inakwenda, hata kama imepinda.

Sikuona hotuba. Nilitaka kuiona kuliko kitu chochote mwaka huu.

Siku ile niliwakusanya wapangaji wote sebuleni. Nilikuwa nimewatangazia wiki mbili mpaka dereva akasema, "Mama mwenye nyumba, tumeshamjua huyu mtoto kuliko ndugu zetu." Unaona, majivuno si yako peke yako. Kwa sababu ya ile barua yako ya msongamano, nikawaamuru wote wazime simu zao ili waya ubaki mtupu. Watu kumi na mmoja, simu kumi kwenye beseni. Nikaweka ile simu yangu kubwa mezani, nikaiegemeza kwenye birika. Akatokea. Akasalimia. Akaweka karatasi mezani. Akafungua mdomo, na kiduara kikaanza kuzunguka.

Dada, tulikiangalia kile kiduara dakika arobaini. Kikaachia mara moja, nikaona mkono wake umenyooka, kikarudi. Hakuna aliyeondoka. Nadhani walinionea huruma. Nesi akasema, "Basi angalau gauni tumeliona." Nikakuandikia hilo gauni.

Namba ya Kwanini ninayo, ningempigia. Lakini ningempigia kama mama mdogo, ningelazimika kusifia kitu nisichokiona. Nikaona bora nipige kule kazini kwake, niwe mteja kama wateja wengine. Siku ya kwanza alipokea mwanamume, nikakata. Ya pili mwanamume, nikakata. Juzi nikasikia, "Karibu, nikusaidie nini?" Sauti yake.

Nikaikaza sauti yangu. "Video zinakwama."

"Pole sana, mama. Zinakwama jioni tu au hata mchana?"

"Wakati wote."

"Hapo nyumbani mnatumia wangapi?"

"Kumi na mmoja, na mimi nikiwemo. Lakini kuna siku niliwazima wote na bado ikakwama."

"Uliwazima?" Akacheka kwa puani, kile kicheko chake unachokijua. "Haya mama, sogea mpaka kilipo kisanduku cha intaneti. Unaona taa ngapi zinawaka?"

"Sioni taa."

"Zimezimika?"

"Sijui. Kimevaa."

"Kimevaa?"

"Koti."

"Koti la kitambaa gani, mama?"

"Nje maua. Ndani linang'aa kama fedha. Na masikio yana mifuko yake."

Dada, akaujua mkono wako. Kisha akasema polepole, "Mama mdogo. Kwa nini hukusema ni wewe?"

Nikalia kwelikweli. Kwa hiyo ule uongo wako kwake sasa umekuwa kweli, umechelewa tu.

Akanieleza. Kisanduku kile kinaongea na simu zetu kwa mawimbi yanayopita hewani, na ile bitana ya fedha inayarudisha ndani, kama mtu anayeita watu akiwa amefungiwa kwenye pipa. Tena kinachemka humo kwa joto lake. Video inafika mpaka mlangoni kwangu bila tabu, inakwamia kabatini. Ndiyo hiyo sababu ya tatu, ile uliyotoka kumpima mama wa sare.

Lakini sasa nikwambie lililo zito. Nilijua. Hayo ya mawimbi sikuyajua, ila wiki ya kwanza tu nililivua koti nilifue, na siku hiyo kila kitu kikatiririka kama maji. Nilipolirudisha, kikakwama. Nikajiambia ni bahati mbaya. Nikajiambia ni mvua. Siku ya hotuba, kiduara kinazunguka, dereva akaniuliza, "Tukivue?" Nikamwambia asiguse. Ni kitu cha kwanza ulichonishonea tangu siku uliyokuja kumchukua mtoto. Ulikuja na teksi, ukasema, "Mtoto ni wangu, mpe viatu vyake." Hukukaa hata unywe maji. Mimi nikamfunga kamba za viatu, na tangu hapo nimekataa kila mara uliponiita kwako, nasema nyumba haina wa kuiangalia. Kisha miaka kumi na miwili baadaye linakuja koti lenye mifuko ya masikio. Ningelivua vipi?

Mwishowe nililivua koti, na Kwanini akanitumia video nzima jioni ileile. Niliangalia mpaka mwisho, haikukwama hata mara moja. Nimelisikia neno. "Nimelelewa na mama wawili. Mmoja alinionyesha jinsi kitu kinavyokatwa, mwingine alinivumilia nilipouliza kwa nini." Nimelirudia mpaka nesi akaja kugonga mlango akidhani naumwa.

Nilimwomba asikwambie, nilitaka uyasikie kwangu.

Kama nimekukosea, nisamehe. Kama umenikosea, hilo nakuachia wewe uliandike.

Mdogo wako


Tarehe 6 Julai

Mdogo wangu,

Nilikukosea. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana nikianza kujitetea unajua sina breki.

Nilipokuachia mtoto, kiwandani nilikofanya kazi tulikuwa tunalala wanawake sita chumba kimoja na mtoto haruhusiwi, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nilipopata chumba changu nilikuja kwako na zawadi kwenye teksi, na maneno ya shukrani nimeyapanga njia nzima. Nikafika mlangoni. Mtoto akatoka mbio, akakuona wewe umesimama na mimi nimesimama, akakimbilia sketi yako akakuita mama. Maneno yote yakanitoka. Nikasema yale niliyoyasema. Zawadi ilirudi nami kwenye teksi. Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia kila mtu "mwanangu, mwanangu," mpaka fundi viatu ananitania, na kila nikisema hivyo nilikuwa nakujibu wewe, ingawa hukuniuliza. Ahsante kwa kunilelea. Ni mtoto wetu. Ona, nimeliandika, na kalamu haikuvunjika.

Kuhusu koti, shemeji yako amecheka mpaka mgongo umerudi kuuma. Anasema mimi ndiye fundi pekee duniani niliyeweza kuifunga intaneti kifungo. Kwanini amejaribu kunihurumia, anasema lilikuwa limeshonwa vizuri mno, lingekuwa baya mawimbi yangepita kwenye matundu. Hiyo nimeipokea kama sifa.

Sasa jambo lenyewe. Kampuni imepokea malalamiko ya watu waliofuatilia kwa simu, eti hotuba ya kueleza kwa nini video zinakwama ilikwama. Kumbe hamkuwa peke yenu na beseni lenu. Basi wamemwomba mtoto airudie ukumbini palepale, na safari hii wanaalika watu waje kwa miguu yao. Amepewa viti kumi na sita vya mstari wa mbele agawe anavyotaka. Kimoja changu, kimoja cha shemeji yako, kimoja cha fundi viatu kwa sababu amenivumilia. Kumi na tatu ni vyenu. Nimehesabu wapangaji wako kumi, wewe, na viti viwili vya akiba kama dereva ana mtu. Mtoto wa nesi atapakatwa. Nyumba ifunge, funguo mpe jirani, na usiniambie haina wa kuiangalia.

Chumba cha kushonea nimekitandika godoro, wewe utalala humo na mimi. Wengine tutawapanga sebuleni na kwa jirani. Kimo chake umeniuliza tangu Machi nikakataa kusema, na bado sisemi. Anasema atasimama mwenyewe mlangoni uje umpime.

Hotuba ni Jumamosi, tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi, na nawangoja wote, Ijumaa kabla jua halijazama muwe mmeshafika.

Dada yako